Orodha ya Marubani Wanne

Vijana wa Milanzi mna swali moja mnaloniuliza kila mmoja kwa namna yake. Huyu ananiuliza ameshika fomu ya kuchagua tahasusi, yule ananiuliza akiwa juu ya bodaboda hata injini hajaizima: "Babu Kapteni, kazi gani haiyumbi?" Mnaniuliza mimi kwa sababu nilirusha ndege miaka ishirini na tisa, na mnadhani mtu aliyekaa juu muda wote huo lazima aliona mbali. Nawajibu kwamba kazi isiyoyumba sijaiona, ila niliwahi kuambiwa kuwa yangu ndiyo hiyo. Aliyeniambia alikuwa amevaa tai, nami nikamwamini.

Basi niwasimulie mwaka wa korona, mwaka ambao ndege zilikaa chini na marubani wakaanza kujifunza bei ya chakula cha kuku.

Kwanza mjue rubani ni mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa jinsi tulivyoanguka. Sisi tulikuwa watu wasiopanga foleni. Uwanjani tulikuwa na mlango wetu. Tulivaa miwani ya jua hata ndani ya ofisi ya uhamiaji. Tulizoea kuitwa Kapteni na watu tusiowajua, na mimi nilifika mahali ambapo marehemu mke wangu akiniita Gaudensi, nageuka kutazama anaitwa nani. Mabegani nilikuwa na mistari minne ya dhahabu. Niliipiga pasi mwenyewe, mfanyakazi wa ndani sikumwamini.

Aliyenifundisha kazi, mzee mmoja wa Tanga tuliyemwita Kapteni Salehe, alijaribu kunitibu ugonjwa huo mapema. Kila alfajiri kabla ya safari, rubani msaidizi hupiga magoti chini ya bawa na kukinga mafuta kidogo kwenye glasi, aone kama yameingia maji. Maji hukaa chini, mafuta hukaa juu. Ukiona mstari katikati ya glasi, unaendelea kumwaga hadi mstari upotee, na usipopotea huruki. Ni kazi rahisi, ila ina matope. Siku moja pale Mbeya nilikuwa nimevaa sare mpya, suruali ina mkunjo wa kukata nyanya, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikamwambia mzee nimeshakagua, mafuta ni safi. Akaomba glasi. Akapitisha kidole ndani yake, kidole kikatoka kikavu. Hakunigombeza. Aliwageukia abiria, watu kumi na wawili pamoja na padri mmoja, akawaambia kwa upole, "Samahanini sana. Tunamsubiri huyu kijana apige magoti."

Wakasubiri, na wote walikuwa wakinitazama. Padri akadhani ni sala, akavua kofia.

Tulipokuwa angani mzee akasema, "Mawingu hayasomi mabega, Gaudensi." Nilimwelewa kwa miaka kama mitano hivi. Kisha nikapandishwa cheo nikasahau.

Sasa, kampuni yetu. Ilikuwa ndogo, makao yake Dar es Salaam. Tulikuwa na ndege tano za injini moja na marubani kumi na mmoja, mimi nikiwa rubani mkuu. Tulikuwa tukiwapeleka watalii mbugani, Katavi, Ruaha, Serengeti, huko kwenye viwanja vya udongo ambako kazi ya kwanza ya rubani ni kupita juu ya uwanja mara moja kuangalia wanyama, ndipo ageuke atue. Korona ilipoingia duniani, watalii walikatika kama maji ya bomba. Leo yapo, kesho unafungua koki inakohoa. Injini zikafungwa matambara. Kwenye bawa la ndege yangu, njiwa akajenga.

Mkurugenzi akatuita. Viti vilipangwa mbali mbali, mlangoni pana ndoo yenye koki na sabuni, na kila mmoja alikuwa na barakoa, ingawa ya Mkurugenzi ilikuwa kidevuni ili maneno yatoke vizuri. Akasema nyakati ni ngumu. Akasema tusiwe na hofu. Akasema sisi ni familia.

Wanangu, bosi akisema kazini ni familia, angalieni mlango uko upande gani. Familia ya kweli haijitangazi, inakuita tu uje upalilie.

Baada ya kikao akanibakiza peke yangu. Akafunga mlango. "Kapteni," akasema, "tutabakiza marubani wanne wa kubeba dawa na mizigo. Wengine watakwenda likizo bila malipo, na sijui kama watarudi. Wewe unawajua vijana wako kuliko mtu yeyote. Nenda nyumbani kapumzike, kisha uniletee orodha ya hao wanne. Lakini iwe siri."

Mnajua nilijisikiaje? Ningependa kuwaambia kwamba nilisikia uzito. Sikusikia. Nilitoka ofisini natembea kama mtu aliyepewa mkoa. Watu saba walikuwa wanakwenda kukosa kazi, na mimi nilikuwa nawaza kwamba kumbe mzee ananiamini. Wala sikujiuliza kama mimi mwenyewe nimo kwenye wale wanne. Nilijihesabu kama kalamu inayoandika, na kalamu haijiandiki.

Nikapanda basi kuja Sumbawanga kwa dada yangu Leokadia. Safari niliyozoea kuimaliza kabla ya chakula cha mchana ilinichukua siku mbili, na usiku mmoja nililala Mbeya. Njia nzima nilikuwa natazama kwa dirisha nchi niliyopita juu yake maelfu ya mara. Kutoka angani Laela ni mabati machache yanayong'aa. Kwenye basi, Laela ina matuta, na kila tuta lina mtu wake wa kuuza karanga.

Dada Leokadia amenitangulia miaka saba. Ni mjane, ana nyumba hapahapa Milanzi na shamba la mahindi na ulezi nje ya mji. Maishani mwake hajawahi kuniita Kapteni. Nilipofika nikampa shikamoo, akaitikia kwa mbali, akaninawisha mikono, kisha akanikalisha kwenye kigoda mbele ya sufuria la majani ya mkaratusi yanayochemka na kunifunika blanketi zito.

"Dada, mimi siumwi."

"Umetoka Dar. Vuta mvuke."

Nikiwa humo ndani, jasho linanitiririka kama mwizi, simu ikalia. Alikuwa Bosko, rubani mwenzangu, mtu ambaye kwa miaka minane hakuwahi kunipigia ila kulalamika kuhusu ratiba.

"Kapteni, nimekuota," akasema. "Nikaona nikujulie hali. Magoti yanaendeleaje?"

Nikamwambia magoti yako ndani ya blanketi. Akasema atayaombea.

Hapo nikajua siri imeshatoka. Siri ya ofisi yenye marubani kumi na mmoja husafiri bila kuhitaji mafuta. Kuanzia siku ile nikawa mtu mwenye marafiki. Kila asubuhi nilipokea picha za maua na mistari ya Biblia. Mmoja alinitumia hongera ya sikukuu ya mtakatifu somo wangu, na aliikosea kwa miezi kadhaa. Mwingine aliniandikia ukurasa mzima kunikumbusha siku tuliyotua pamoja kwenye upepo wa Ruaha, na jinsi alivyojifunza kwangu maana ya utulivu. Siku ile mimi nilikuwa nimetapika kwenye mfuko, na yeye ndiye aliyenishikia. Mmoja mwenye shemeji kwenye bandari ya Kasanga akanitumia migebuka mikavu kutoka ziwani, imefungwa kwenye gazeti. Leokadia akaikaanga, akauliza imetoka kwa nani. Nikasema kwa mtu anayenipenda. Akasema, "Samaki wengi hivi? Huyo hakupendi. Ana shida."

Kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako zamani tulibishana juu ya mawingu na matairi, sasa watu waliuliza dawa ya kideri cha kuku na uwiano wa pumba na dagaa. Kapteni mmoja aliyewahi kumbeba rais wa nchi jirani alikuwa anatangaza mayai. Msiwacheke. Leseni ya rubani ni kitu cha ajabu, inaoza usipoitumia. Ukikaa siku tisini bila kuruka na kutua mara tatu, hubebi abiria mpaka ujaribiwe upya. Kila miezi kadhaa daktari anakupima macho, moyo na masikio. Seremala akikaa mwaka bila kazi, akirudi anaikuta randa yake palepale. Sisi kila siku tuliyokaa chini ilikuwa inatula.

Mimi hofu hiyo sikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa mgawa hofu. Nilinunua daftari dogo. Asubuhi nilikwenda shambani na dada kuvuna ulezi, kazi ya kukata masuke moja moja kwa kisu kidogo. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unakata masikio, nami nimevaa jaketi la urubani juu ya sweta. Nilikata masuke na mabua yake marefu, kama anayetengeneza shada la harusi. Majirani wakapita, wakasimama, wakasalimia, wakaendelea kusimama. Mama mmoja akamwuliza dada kwa Kifipa kama mgeni huyu anakata ulezi au anapima. Dada akamjibu kwa Kiswahili ili nami nipate faida: "Mwache. Anajifunza kushuka."

Alasiri, jua likiwa bado lipo, nilikaa barazani na daftari langu. Nikaandika majina kumi. Nikayapa alama. Nikawaondoa watu, nikawarudisha. Mtu akinitumia ujumbe mzuri alipanda nafasi moja. Akichelewa kunijibu alishuka. Bosko alipanda mpaka wa pili kwa nguvu ya magoti yangu peke yake.

Mmoja tu hakunipigia. Anaitwa Zainabu, binti kutoka Kasanga, baba yake fundi wa injini za maboti yanayobeba mizigo kwenda Kongo. Alikuwa rubani msaidizi, mdogo kuliko wote, na katika miaka mitatu alikuwa ameruka zaidi na mimi kuliko na mtu mwingine. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya tatu kimya. Nikasikia kwa watu yuko kwao, anamsaidia baba yake kufungua mashine. Yuko mkoa huuhuu, mwendo wa saa chache tu, na hawezi hata kusema shikamoo.

Nikamkata. Sikujiambia kwamba namkata kwa sababu hakunisujudia. Mtu mwenye cheo hakosi sababu nzuri. Nilijiambia bado ni kijana, atapata kazi nyingine. Nilijiambia ipo siku ataolewa. Na ile iliyonipendeza kuliko zote: nikimweka, watu watasema nimempendelea mtu wa mkoa wetu wa Rukwa. Nikajiona mwadilifu. Nikachora mstari juu ya jina lake kwa rula.

Siku mbili kabla sijarudi Dar tulikuwa uani na Leokadia, tunapukuchua mahindi ya mbegu. Nilikuwa nimekamilisha orodha na ilikuwa inaniwasha, kama mtu aliyeshona nguo mpya na hana pa kuivaa. Nikamsomea. Majina manne, na sifa za kila mmoja. Bosko nilimwelezea kwa dakika nyingi.

Dada akasikiliza mpaka mwisho huku gunzi likizunguka mkononi mwake. Kisha akauliza, "Mimi sijapanda ndege. Siku nikipanda, na wewe hupo, katika watu wako wote ungependa nani anibebe?"

"Zainabu," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kabla sijapata nafasi ya kulizuia.

"Hukumsoma huyo."

"Sijamweka."

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo nimpe zile sababu tatu. Ya kwanza ikakwama. Ya tatu, ile ya kupendelea mtu wa Rukwa, nilipoisikia kwa sauti yangu mwenyewe mbele ya mwanamke anayepukuchua mahindi, ilinuka. Yeye akachukua gunzi jingine. Dada yangu hana haraka ya kumsaidia mtu anayezama kwenye maneno yake mwenyewe.

Mwishowe nikamsimulia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka mmoja kabla ya korona tulikuwa tunatua Katavi, asubuhi, mimi na Zainabu, na watalii kumi. Tulikuwa tumechelewa, na watalii wale walikuwa na kiongozi wao anayetazama saa kila dakika. Nikaamua tusipite juu ya uwanja kuangalia wanyama, tuingie moja kwa moja. Nimetua pale mara nyingi kuliko nilivyoingia kanisani. Tukashuka. Magurudumu yamekaribia ardhi, Zainabu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Kapteni, usitue. Panda."

Nilikuwa naona uwanja na kivuli cha wingu katikati yake. Nilikasirika. Lakini mkono wangu ulisukuma nguvu za injini kabla hasira haijafika, tukapanda. Tukapita juu ya kile kivuli, na kivuli kikainua kichwa. Alikuwa kiboko mzima, amesimama katikati ya uwanja, anatafuna.

Watalii walipiga kelele za furaha. Nami, wanangu, nikachukua kipaza sauti nikawaambia, "Mabibi na mabwana, tumepita chini kidogo ili mpate picha nzuri." Wakanipigia makofi. Tulipotua, kiongozi wao akanikumbatia. Zainabu alikuwa anajaza kitabu cha safari. Hakusema neno siku ile, wala kesho yake, wala kwa mtu yeyote, maana kama angesema ningesikia.

Leokadia akauliza, "Na hujamshukuru?"

"Bado."

"Miezi mingapi?"

Akanisogezea debe, akasema haya yaliyobaki niyamalize mimi, akaingia ndani kuweka maji ya ugali. Niliyamaliza. Kisha nikachukua ukurasa mpya, nikaandika jina la Zainabu wa kwanza. Bosko nikamwacha nje, si kwa sababu ni rubani mbaya, ila wapo watatu waliomzidi na siku zote nilijua. Aliyenishikia mfuko Ruaha aliingia wa tatu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi.

Nikaenda Dar na bahasha ndani ya jaketi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumtetea yule binti, maana nilijua Mkurugenzi atauliza kwa nini mdogo kuliko wote awe wa kwanza. Nilijiandaa hata kupandisha sauti.

Mkurugenzi akanipokea vizuri sana. Akaniagizia chai. Akaniuliza habari za Sumbawanga na kama kweli kuna baridi. Nikampa bahasha. Akasema "Ahsante, Kapteni, umefanya kazi kubwa," akaiweka mezani bila kuifungua, na chai ilipoletwa akaweka kikombe chake juu yake.

Kisha akafungua droo na kunipa bahasha nyingine. Hii ilikuwa na jina langu, ila walikuwa wameandika Gaudenzia, kama mtawa.

Nikaisoma. Ilinishukuru kwa utumishi uliotukuka. Ilisema kwamba kutokana na hali ya dunia, na kwa kuzingatia umri, mkataba wangu hautaendelea. Ilikuwa imepigwa tarehe. Wanangu, mimi ni mtu wa kusoma vipimo, macho yangu hayaruki tarakimu. Tarehe ile ilikuwa ya siku moja kabla sijatumwa kuandika orodha.

"Mkurugenzi," nikasema, "hii mliiandika kabla."

"Ndiyo, bodi iliamua mapema."

"Na wanne mlishawapata."

"Walishapatikana, ndiyo."

"Sasa mimi mlinituma ya nini?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli, nadhani, maana hakuwa mtu katili. "Tulitaka mchakato uwe shirikishi, Kapteni."

Nikanywa chai. Ile hotuba niliyoitunga kwenye basi ilikuwa bado imejaa kifuani, na haikuwa na wa kumpa. Nikauliza hao wanne ni akina nani. Akasoma. Bosko alikuwamo, binamu yake yuko kwenye bodi. Na Zainabu alikuwamo. "Huyu mshahara wake ni mdogo kuliko wote," akasema. Orodha yangu na yao zilikutana kwa jina hilo moja tu. Mimi nilizunguka wiki sita na kumkosea haki ndipo nikamwona. Wao walimwona kwa kutazama safu moja ya karatasi.

Nikatoka kwenda kuiaga ndege yangu. Zainabu alikuwa pale uwanjani, ameitwa siku hiyohiyo, yuko juu ya ngazi anafungua matambara ya injini. Njiwa alikuwa ameshahamishwa na kiota chake kimewekwa juu ya kisanduku cha zana. Akashuka aliponiona.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Hukunipigia simu hata siku moja."

"Sikupiga."

"Wenzako wote walipiga."

Akafuta mikono kwa tambara. "Nilijua una orodha. Ningepiga, ungejua naomba. Baada ya hapo kila nikisema jambo ndani ya ndege, ungejiuliza kama nasema kwa sababu nimeliona au kwa sababu nataka kukufurahisha."

Nikamwambia kwamba nilikuwa nimemkata, na kwamba nilimrudisha, na kwamba vyote viwili havikuwa na maana kwa sababu hakuna aliyefungua bahasha. Nikamwonyesha barua yangu. Aliisoma mara mbili. Macho yake yakajaa, na mimi nikaogopa kwamba yangu yatafuata, kwa hiyo nikasema haraka lile nililokuwa na deni nalo. "Yule kiboko uliniokoa. Mimi na watu kumi. Nilipaswa kusema siku ileile."

"Nilidhani hukupenda ijulikane," akasema.

"Sikupenda. Sasa nawaambia watu."

Na ndiyo hii nawaambia.

Nilirudi hapa Milanzi kwa dada, na miezi ya kwanza ilikuwa mibaya, sitawadanganya. Bosko alituma neno "pole" kwenye kundi la WhatsApp, kisha akaniondoa kwenye kundi, maana uongozi wa kundi ulikuwa umehamia kwake. Picha za maua zilikoma siku hiyohiyo, kama mtu aliyezima taa. Nilijikuta natoka nje kila nikisikia mlio angani, nasimama barabarani na shingo nyuma mpaka bodaboda wanapiga honi. Sare zangu nilizifua, nikazipiga pasi, nikazikunja, kisha wiki iliyofuata nikazifua tena ingawa hakuna aliyezivaa. Leokadia aliniacha kwa muda. Siku moja akachukua suruali mojawapo, ile yenye mkunjo, akaivaa chini ya khanga kwenda kupura ulezi, kwa sababu ya baridi. Nilikasirika mchana kutwa. Jioni nilimwomba anionyeshe kupura. Nilijifunza kwa shida, mgongo wa rubani umezoea kiti. Leo ulezi wangu hauna mchanga, waulizeni wanaopika togwa hapa mtaani.

Watalii waliporudi, kampuni ilikosa marubani. Wengi walikuwa wamekwenda nje, wengine leseni zimelala, na yule wa mayai alikuwa na mabanda matatu na hataki kusikia. Wakanipigia na mimi nikawafundishe wapya, ila kwa kujitolea. Niliwaambia niko shambani. Walidhani ni kisingizio. Nilikuwa shambani kweli, hata simu nilikuwa nimeishika kwa kiwiko.

Mwaka jana macho yangu yakaingia ukungu, daktari akasema ni mtoto wa jicho, nikafanyiwe upasuaji Dar. Zainabu, ambaye sasa ana mistari yake minne, alikuwa amekodiwa kuleta watu Sumbawanga na nafasi za kurudi zilikuwapo. Nikapanda. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akatuelekeza abiria, kisha akasema, "Kila mtu afunge mkanda. Na wewe Kapteni Gaudensi." Nilikuwa nimeinama kuchungulia vipimo vyake kupitia upenyo. Nikaketi vizuri.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa kijiji cha Kate, ana mfuko wa maharage miguuni, anamfuata binti yake aliyejifungua. Aliniambia hii ni mara yake ya tatu kupanda ndege. Ndege ilipokimbia uwanjani, miguu yangu ilikuwa inasukuma sakafu, mkono wa kulia umeshika kiti cha mbele kana kwamba ni usukani. Upepo wa pembeni ulitupiga kidogo juu ya milima, nikafumba macho haya mabovu. Tulipotulia mawinguni, yule mama akawa ananitazama.

"Baba, hujawahi kupanda ndege?"

Nilikuwa na jibu refu la miaka ishirini na tisa. Nikalitazama, nikaliacha.

"Huku nyuma, mama, bado."

Akafungua kipochi chake, akatoa pipi, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole juu yake. "Nyonya hii," akasema, "na ukimeza mate masikio hayatauma."

Nikamshukuru, nikaimenya, nikanyonya.